Makumbi ya Jambiani

Kamba ya makumbi huanzia shimoni. Anayemwona bibi ameketi barazani anapota hudhani kazi yote ni ile, na kumbe kupota ndiyo sehemu ya raha. Kazi yenyewe ilifanyika miezi mingi nyuma, maji yametoka, mgongo umeinama na jua liko utosini.

Nazungumza habari za Jambiani, kijiji changu, kusini mashariki ya Unguja, pale pwani inapokuwa pana hata maji yakipwa unakwenda kwa miguu mpaka ukaona mawimbi yanavunjika mwambani. Nyuma ya kijiji ardhi yetu ni ya mawe. Mkarafuu hauoti, na muhogo hupandwa katika vijishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Sayyid Said bin Sultan alipohamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja katika karne ya 19, na mashamba ya karafuu yakaenea, utajiri ule ulikaa upande wa magharibi wa kisiwa, na historia iliyoandikwa ikakaa huko huko pamoja nao. Sisi tulikuwa na bahari, minazi na mikono. Mume akivua, mke akizika makumbi. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za Jambiani, Paje na Bwejuu zilivyosimama.

Mimi kazi ya kuzika nimeiacha zamani, magoti hayataki tena. Kupota sijaacha. Tangu Aprili 2016, Serikali ya Zanzibar ilipoanza kutoa pencheni jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi zilipoanza, hata sisi tusiokuwa na jalada la kazi katika ofisi yoyote tumeingia katika hesabu ya wastaafu. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini wiki hii nimeshughulika kuliko enzi za ujana wangu. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao, inshaallah, na ametaka kitanda cha kamba, kile cha marehemu mama yangu, kiwambwe upya awe nacho nyumbani kwake. Binti yangu naye anataka kamba nyembamba za kufungia sabuni. Na katikati ya hayo ilikuwapo siku yangu ya kwenda hospitali. Kazi hizi zimenirudisha kwenye mambo ambayo watoto wa leo hawakuyaona, na ndiyo maana nayaandika.

Nazi hufuliwa kwa kifuo. Kokwa inakwenda jikoni au kwa mkataji wa mbata, na makumbi yanabaki chini. Kwetu hayakutupwa hata moja. Tuliyafunga mizigo, tukayachukua kichwani mpaka pwani, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Shimo huchimbwa mahali penye mchanga uliochanganyika na tope, panapofikiwa na maji kila siku, kwa sababu shimo likikauka makumbi yanaharibika. Unayapanga tabaka kwa tabaka, unayafukia kwa mchanga, kisha unayakandamiza kwa mawe ili mkondo usiyachukue. Kila mwanamke alilijua shimo lake kwa jinsi mawe yake yalivyopangwa. Mgeni angeona mawe tu yamezagaa. Sisi tulikuwa tukiona shimo la fulani na la fulani, na hakuna aliyegusa la mwenzake.

Yanakaa humo miezi sita, pengine zaidi. Maji ya chumvi yanailainisha ile nyama ya kahawia inayozishikanisha nyuzi, na nyuzi zenyewe zinabaki nzima. Siku ya kufukua, shimo linatoa maji meusi na harufu ya yai viza. Watoto walikimbia. Mama yangu aliisubiri harufu ile, kwa sababu shimo lisilonuka halijawa tayari, na ukilifungua mapema utapiga mpaka mkono ufe ganzi na nyuzi zisiachane.

Kupiga kunataka jiwe bapa na gongo zito. Unalilaza kumbi, unapiga kwa kulifuata urefu wake. Ukipiga kwa kukata, unazivunja nyuzi. Unapiga, unasuuza kwa maji ya bahari, unapiga tena, mpaka ule unga wote uondoke na mkononi ubaki usumba mtupu, rangi ya dhahabu iliyofifia. Wanawake tulikaa kwa safu, na magongo yalisikika kijiji kizima. Habari zote zilipita pale: nani kachumbiwa, nani mumewe karudi na samaki na nani karudi mikono mitupu, mtoto wa nani ana homa. Niliyoyajua ya ukoo wangu, nani alitoka Makunduchi na nani alitoka Kizimkazi, niliyapata kwenye safu ile, na wala hayakuandikwa popote.

Usumba ukikauka ndipo unapofika barazani. Unachukua mafungu mawili membamba, unayalaza juu ya kiganja cha kushoto, cha kulia kinapita juu yake kuelekea mbele, na kila fungu linajisokota peke yake. Ukiurudisha mkono nyuma, mafungu mawili yanakumbatiana, yakisokotana kinyume cha mwanzo. Nguvu yote ya kamba iko hapo. Nyuzi ndani ya fungu zinataka kufunguka upande mmoja, na mafungu mawili yanataka kufunguka upande wa pili, basi kila moja linamzuia mwenziwe. Kabla fungu halijaisha unalilisha usumba mwingine, kidogo kidogo, na lazima maungio yapishane. Maungio mawili yakikutana pahala pamoja, hapo ndipo kamba itakapokatika, na itakatika siku mvuvi yuko nje ya mwamba. Mama yangu aliipitisha kamba yangu vidoleni huku anazungumza na mtu mwingine kabisa, akifika kwenye ungio baya anasimama, anairudisha mapajani kwangu bila ya neno. Nilifumua.

Kamba hiyo ndiyo iliyoshikilia kila kitu. Fito za nyumba za udongo zilifungwa kwa kamba ya makumbi, na makuti ya paa vilevile. Ndoo ya kisimani iliteremka kwa kamba hiyo. Mbuzi alifungwa kwayo. Matengo ya ngalawa yalikazwa kwa makumbi, na katika majahazi henza iliyopandisha tanga na amari iliyoshika nanga zilikuwa za makumbi, maana kamba hii inaelea na haiogopi maji ya chumvi, kwa kuwa imekulia humo. Watu husema majahazi yalisafirishwa na kaskazi na kusi. Upepo ule ungebaki upepo mtupu pasipo kamba ya kulishika tanga.

Ukirudi nyuma zaidi, kamba haikulishika tanga tu, ilikishika chombo chenyewe. Kipo kitabu cha zamani sana cha mabaharia, kimeandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinachoeleza pwani yetu na vyombo vyake vya kushonwa, na bandari iliyoitwa Rhapta kwa sababu ya vyombo hivyo. Vasco da Gama na watu wake walipofika Msumbiji mwaka 1498 walikuta vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba. Mpaka zama za babu zetu mitepe ya Lamu na Pate ilikuwa ikija Unguja imepakia boriti, tanga lake la mkeka, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi tundu kwa tundu. Mtepe wa mwisho ulikwisha katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vyombo vya misumari vilipokuwa vimeshachukua njia zote.

Haya ya vitabu nimesomewa na mjukuu wangu mwingine, mwalimu wa skuli, ambaye huja kunitazama kila mwisho wa wiki. Kuna moja alilonisomea nikamwambia arudie. Ni habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka kadhaa baadaye, mnamo 1343 na 1344, alikaa visiwa vya Maldivi, akaandika namna watu wa kule wanavyofanya makumbi: huyatia katika mashimo ufukweni, kisha huyapiga kwa magongo, kisha wanawake huyasokota kamba za kushonea vyombo, na kamba hizo zinapelekwa Bara Hindi, Uchina na Yemeni. Nilikaa kimya. Mtu aliyekula na masultani na kuhesabu zawadi zao aliinamisha macho akatazama shimo la makumbi, akaandika kuwa wanaosokota ni wanawake. Karibu miaka 700 imepita, na kila alilolitaja mimi nimelifanya kwa mikono yangu, kwa mpangilio ule ule. Sijui niseme nini zaidi ya kuwa nilijiona nimeandikwa.

Na hapo ndipo moyo wangu unapokuwa mzito kidogo. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe mwingine ili watu wauone, ukapewa jina la Shungwaya, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Nilikwenda kuutazama. Wageni walipiga picha omo na tezi. Mimi niliinama kwenye mishono, nikatia kidole kwenye kamba, nikatafuta maungio. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi waliokuwa kazini wakapoteza maisha, Mungu awarehemu. Mji mzima ulilia, na mimi nililia. Lakini hata kabla ya siku ile nilikuwa nikijiuliza kwa nini maandishi ya makumbusho humtaja sultani, humtaja nahodha, na fundi wa mbao akibahatika hutajwa naye, ila mwenye kupota kamba hana mahala. Mbao pasipo kamba zingekuwa rundo la kuni. Hilo nalisema wazi, na nitazidi kulisema kwa kila atakayekaa na mimi barazani.

Hospitali nilikwenda Makunduchi, binti yangu amenishika mkono. Presha imeshuka, alhamdulillahi. Daktari, kijana mpole, akanishika vidole kimoja kimoja, akavikunja na kuvikunjua, akauliza gumba la kulia limeanza lini kukaza. Nikamwambia ni siku nyingi. Muuguzi aliyekuwa pembeni akanigeuza viganja, akavipapasa, akasema, “Bibi, hii si mikono ya makumbi?” Bibi yake mzaa mama alikuwa mpotaji wa Bwejuu. Alizijua sugu zilipo: chini ya vidole mkono wa kulia, na upande wa nje wa kiganja cha kushoto, pale usumba unapopita. Daktari akaandika dawa, akanikataza kuchuchumaa muda mrefu, akaniambia nifumbate kitambaa chenye maji ya moto asubuhi kabla ya kazi. Hakunikataza kazi. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa dawa.

Wapotaji wote niliokua nao walikuwa na maradhi haya ya magoti, viuno na vidole. Hatukuyaita maradhi ya kazi. Tuliyaita uzee, hata yalipotukuta tuna watoto wachanga mgongoni. Laiti angekuwapo mtu wa kutuambia mapema tubadilishane, huyu apige na yule asuuze, pengine wengi wangefika umri wangu wakiwa wanasimama wima.

Watu huniuliza makumbi yaliuawa na nini. Nailoni ndiyo ilianza. Kamba ile ni nyepesi, inakuja imeshapotwa kiwandani, mvuvi hana haja ya kumngoja mke wa mtu miezi sita. Kisha mwaka 1989 mwani ulianza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani, mbegu imetoka Ufilipino. Mwani ulikuja pwani ile ile, kwa maji yale yale ya bamvua, kwa wanawake wale wale. Tuliacha kuchimba mashimo tukachomeka vijiti mchangani, tukavuta kamba za nailoni baina yake, tukafunga vichipukizi vya mwani kwa vijikamba tulivyoviita tai-tai. Baada ya wiki sita unavuna. Piga hesabu mwenyewe: wiki sita kwa mwani, miezi sita kwa makumbi na bado hujapiga, hujakausha, hujapota. Mashimo yakabaki mawe matupu.

Siulaumu mwani. Wako wanaoulaumu, hasa watu wa mjini wanaokuja kutafuta mambo ya asili, wakasikitika kuona wanawake wa pwani wamewacha jadi yao. Mimi nilijenga nyumba ya bati kwa fedha ya mwani. Wanangu wamesoma kwa fedha ya mwani, na yule mwalimu anayenisomea Ibn Battuta asingekuwa mwalimu pasipo mwani. Mwanamke ambaye mkononi mwake imeingia fedha yake mwenyewe, hata kidogo, husikilizwa nyumbani. Tuliyaona hayo Jambiani katika muda wa miaka michache. Jadi inayomwacha mama na goti bovu na mfuko mtupu isitetewe na mtu ambaye hajawahi kuinama shimoni.

Mwani nao umekuwa na misiba yake. Maji yamekuwa ya moto, na ile aina ya kotonii iliyokuwa na bei nzuri ikawa inakufa kabla ya kuvunwa. Ikabaki spinosamu, na bei yake ni ndogo. Ndipo binti yangu na wenzake wakaingia katika sabuni: mwani mkavu unasagwa, unachanganywa na mafuta ya nazi na magadi ya sabuni, unatiwa harufu ya karafuu au mchaichai, unakatwa vipande. Sabuni nzuri, naitumia. Walikuwa wakizifunga kwa utepe wa dukani. Siku moja nikazifunga chache kwa kamba nyembamba ya usumba, zikanunuliwa zile mwanzo, na tangu hapo nimepewa kazi. Kwa hiyo mafuta ya nazi yamo ndani, usumba wa nazi uko nje, na mwani uko katikati. Usumba wenyewe naununua kwa shoga yangu wa zamani anayezika bado, yeye na wanawake wachache wa upande wa kusini wa kijiji. Huwauzia pia mafundi wa makuti wanaoezeka mahoteli, maana wenye hoteli wanataka paa lionekane la zamani.

Sasa kitanda. Matendegu yake manne ni ya mfenesi na bado mazima. Mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni nimevisugua kwa jivu na limau, mti ukang'ara. Kamba ya zamani niliikata. Ilikuwa imekuwa nyeusi, na nilipoifumua kidogo nikaiona kazi ya mama yangu ndani, maungio yamepishana sawasawa, hakuna mahala iliponyongeka. Kabla ya godoro la sponji, juu ya kamba kama hizi tulitandika mkeka, na mwenye uwezo alitandika godoro la sufi au la usumba. Watoto walizaliwa juu yake, na wagonjwa waliuguzwa juu yake, kwani hewa inapita chini na mgongo haupati vidonda upesi.

Kuwamba kunataka watu wawili. Mmoja anapitisha, mwingine anavuta na kushikilia kwa goti ili kamba isilegee wakati wa kugeuza. Unaanza pembeni, unakwenda kwa mshazari, mstari unapita juu ya mmoja na chini ya mwingine, na upande wa miguuni unaacha nafasi ya kamba ya kukazia, kwa sababu makumbi hulegea siku za mwanzo mtu akilala, na lazima ukaze tena. Anayewamba bila ya kuacha nafasi hiyo atafumua kitanda kizima kabla mwezi haujaisha.

Goti langu haliwezi kushikilia. Nimempa mjukuu, bibi harusi mwenyewe, akae upande wa pili. Mwanzo alivuta kwa nguvu za mabega, nikamwonyesha kuvuta kwa uzito wa mwili, ajitupe nyuma taratibu. Alipopata, akanyamaza, na tukafanya mistari mingi bila ya kusemezana. Kisha akaniuliza mashimo ya familia yetu yalikuwa wapi pwani. Nilimtajia: yanaanza mkabala wa mnazi uliopinda, yanakwenda mpaka kwenye jabali la mama yangu, na mawe yake yamepangwa nusu duara, mdomo umeelekea nchi kavu. Kumbe alikuwa akiyapita kila akienda kwenye mwani wa mama yake, asijue ni yetu.

Kitanda kimebaki robo, upande wa miguuni. Usumba nilionao hautoshi kwa kitanda na sabuni vyote viwili, kwa hiyo sabuni zitangoja, na binti yangu ameshakubali. Shoga yangu amesema anafungua shimo jingine bamvua hili, na mjukuu amesema atakwenda naye akaone, halafu Ijumaa baada ya sala atarudi tumalize. Nimemwambia akate kucha kabla ya kuja.